Tusimkate Bartók vipande viwili

Kuna Béla Bartók asiye na mgomvi. Ni yule Mhungaria aliyezunguka vijijini kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na fonografu ya Edison, akinasa sauti za wakulima kwenye silinda za nta, kisha akazipanga nyimbo hizo kwa piano ili hata vidole vya watoto viweze kuzipiga. Vipande vyake vya watoto, alivyovitunga mwaka 1908 na 1909, bado vinafundishwa kila mahali piano inapofundishwa. Na kuna Bartók wa pili, ambaye hata wapiga piano hodari humpita kwa mbali: yule aliyetunga mwaka 1918 Etudi Tatu za piano, Op. 18, zenye mikono inayotanuka kupita kawaida, nota zinazokataa kutulia kwenye sauti moja mama, na mapigo yasiyohesabika kirahisi. Ndani yake humo hamna wimbo hata mmoja wa kijijini. Desturi iliyozoeleka ni kuwatenga watu hawa wawili. Wa kwanza anasifiwa kuwa ndiye Bartók wa kweli. Wa pili anaelezwa kuwa mtu aliyechukuliwa kwa muda na mitindo ya Vienna, kisha akarudi nyumbani. Naipinga desturi hiyo. Nashikilia kwamba Etudi hizi zimezaliwa na kazi ileile ya vijijini, kwamba ugumu wake una uhusiano wa damu na ugumu alioukuta katika uimbaji wa wakulima, na kwamba anayeziweka kando anazisikia vibaya hata zile nyimbo za watoto anazozipenda.

Etudi ni kipande kinachotungwa ili kumfunza mpigaji ustadi fulani. Kwa muda mrefu zilikuwa kazi za darasani, hadi Chopin alipochapisha etudi zake mwaka 1833 na 1837 na kuonyesha kwamba zoezi la vidole linaweza kuwa muziki kamili wa jukwaani. Debussy alifuata mwaka 1915 kwa etudi kumi na mbili, akaziweka wakfu kwa kumbukumbu ya Chopin. Bartók aliingia katika njia hiyo akiwa na haki zote. Mwalimu wake wa piano katika Chuo cha Muziki cha Budapest, István Thomán, alikuwa mwanafunzi wa Liszt, na Bartók mwenyewe alifundisha piano katika chuo hichohicho kuanzia 1907 hadi 1934. Utunzi alikataa kuufundisha. Piano ndiyo aliyoifundisha. Mwaka 1913 alishirikiana na Sándor Reschofsky kuandika kitabu cha wanaoanza kabisa. Nayataja haya mapema kwa sababu lawama ya kwanza zinayotupiwa Etudi hizi ni kwamba zilitungwa na mtu asiyejali mwili wa mpigaji. Mtu huyo alikaa na mikono ya wanafunzi mwaka baada ya mwaka, akijua ni wapi kidole cha nne kinachoka na ni wapi kifundo kinakakamaa.

Mwaka 1918 nao una maana yake. Dola ya Austria na Hungaria ilikuwa ikielekea kuvunjika. Bartók, mwenye umri wa miaka 37, alikuwa akiishi Rákoskeresztúr, ambayo siku zile ilikuwa kijiji kando ya Budapest. Alionekana hafai kwa jeshi, hivyo yeye na rafiki yake Zoltán Kodály walipewa kazi ya kukusanya nyimbo za askari. Safari za kwenda kwa wakulima wa Kiromania na wa Kislovakia, ambazo kabla ya vita zilikuwa maisha yake, zilikuwa zimebanwa vibaya. Mwaka uleule alikamilisha Nyimbo Kumi na Tano za Wakulima wa Hungaria na kuanza mchezo wa kimya uitwao Mandarini wa Ajabu. Etudi alizipiga mwenyewe kwa mara ya kwanza Budapest tarehe 21 Aprili 1919, mwezi mmoja kamili baada ya serikali ya kikomunisti ya Béla Kun kushika madaraka. Universal Edition ya Vienna ilizichapisha mwaka 1920, mwaka ambao Mkataba wa Trianon uliipokonya Hungaria karibu theluthi mbili za eneo lake, na vijiji vingi alikonasa nyimbo vikawa ng'ambo ya mpaka. Zote tatu kwa pamoja hazifiki dakika kumi. Orodha ya kazi za Bartók inayotumiwa na wengi inazipa namba 72; namba 71 ni zile Nyimbo Kumi na Tano za Wakulima. Ujirani huo si wa karatasi tu. Ni kalamu moja, meza moja, msimu mmoja.

Tuichukue etudi ya kwanza, maana ndiyo inayotisha zaidi. Chukua nota mbili zinazopakana kwenye piano, nyeupe na nyeusi iliyo pembeni yake: hiyo ndiyo hatua ndogo kuliko zote ambayo piano inaweza kupiga. Sasa ile nota ya pili ipandishe oktava moja. Hatua iliyokuwa ndogo kuliko zote imegeuka mruko mkubwa kuliko oktava, na mkono uliokuwa umefumba sharti ufunguke hadi unyooke. Bartók anachukua nota zinazotambaa kwa hatua hizo ndogo, anazirusha juu na chini kwa namna hiyo, kisha anadai zipigwe kwa kasi kubwa, mkono ukitanuka hadi nafasi ya nota tisa au kumi na papo hapo ukikunjika tena. Macho yanaona miruko. Sikio likizoea, linagundua kwamba chini ya miruko hiyo yote kuna mwendo mmoja wa kutambaa, nota kwa jirani yake, nota kwa jirani yake. Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Mkono unafunzwa kupanuka na kubana, lakini sikio nalo linafunzwa jambo lilelile: kwamba kitu chembamba na kitu kipana vinaweza kuwa kitu kimoja.

Wazo hilo lilimkaa Bartók maisha yake yote, na sehemu ya asili yake inajulikana. Mwezi Juni 1913 alisafiri hadi Biskra nchini Algeria na vijiji vya jirani, akanasa muziki wa Waarabu wa huko: nyimbo zinazozunguka ndani ya nafasi nyembamba sana, nota zikisongamana, na ngoma chini yake zikipiga bila kuchoka. Utafiti wake wa Biskra ulitoka kwa Kijerumani mwaka 1920, mwaka uleule wa kuchapishwa kwa Etudi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba safari ile iliacha alama katika Kwarteti yake ya Pili na katika Suite ya piano, Op. 14, kazi zilizotangulia Etudi kwa muda mfupi tu. Mwaka 1932 alikuwa miongoni mwa wageni wa mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo. Msikilizaji wa Unguja au Mombasa ambaye sikio lake limelelewa na taarabu ya zamani, yenye uhusiano wa karibu na muziki wa Cairo, anajua tayari kwamba wimbo unaweza kukaa muda mrefu katika uwanja mdogo na bado ukajaa matukio. Kwa Mzungu wa 1918 aliyelelewa na Mozart, hilo lilikuwa jambo la kujifunza upya.

Wala Bartók hakuliacha wazo hilo kwenye etudi. Mwaka 1940 ulichapishwa Mikrokosmos, mkusanyo wa vipande 153 katika vitabu sita, unaoanza na mtoto asiyejua lolote na kuishia na msanii wa jukwaani. Vitabu viwili vya mwanzo aliviweka wakfu kwa mwanawe Péter. Katika kitabu cha pili, kipande namba 64 kimeandikwa mara mbili. Kwanza nota zinapishana kwa nafasi za kawaida. Kisha muziki uleule unarudi ukiwa umebanwa, nota zikigusana mabega. Hilo ni somo la etudi ya kwanza ya Op. 18, limepunguzwa hadi likatosha kiganja cha mtoto. Mwaka 1936 alikuwa amefanya jambo hilohilo kwa ukubwa katika Muziki wa Nyuzi, Ngoma na Celesta: wimbo unaotambaa katika sehemu ya kwanza unarudi katika sehemu ya mwisho ukiwa umetanuliwa, umefunguka, karibu uimbike. Na alipotoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1943, aliieleza mbinu hiyo waziwazi, akaongeza kwamba baada ya kuanza kuitumia alikuja kukuta nyimbo za watu wa Dalmatia zinazofanana nayo. Utaratibu huo una uzito wake. Mtunzi alifika kwa kujaribu mezani, na kijiji kikathibitisha baadaye. Anayesema kwamba majaribio ya mezani na muziki wa kijijini ni njia mbili zisizokutana aelezwe jinsi zilivyokutana hapa.

Etudi ya tatu inatoa ushahidi wa waziwazi zaidi. Bartók ameiwekea maelekezo mawili: inaanza kwa rubato, mwendo huru usiofungwa na saa, kisha inaingia tempo giusto, mwendo uliokaza. Mtu aliyesoma kazi zake za utafiti atashtuka, kwa sababu hayo ndiyo mafungu mawili aliyotumia kupanga nyimbo za wakulima. Katika kitabu chake cha 1924 kuhusu wimbo wa watu wa Hungaria, nyimbo za mtindo wa kale kwa kawaida ni zile zinazoimbwa kwa uhuru, zikifuata usemi. Nyimbo za mtindo mpya, zilizopendwa na vijana, zina mapigo yaliyokaza ya kuchezeka. Kwa hiyo etudi inayodaiwa kuwa imekatana na kijiji imejengwa juu ya mgawanyo ambao Bartók aliupata kijijini kwa kusikiliza maelfu ya nyimbo. Baada ya utangulizi huo huru, mkono wa kushoto unashika mbio za nota za haraka zisizokatika, na vipimo vya mapigo vinabadilika kila mara, huku mkono wa kulia ukichomeka vishada vikavu vya nota pale ambapo hukuvitarajia. Mpigaji anayehesabu kwa kichwa peke yake atapotea. Inabidi mwili uyabebe yale mapigo yasiyo sawa, kama mchezaji anavyoyabeba miguuni.

Ya pili, Andante sostenuto, nitaipita upesi, si kwa kuidharau. Ni maporomoko ya nota yanayopita juu na chini ya wimbo mmoja wa polepole, kazi ya rangi zaidi kuliko ya mapigo, na ndiyo inayomkaribia zaidi Debussy, ambaye alikuwa amefariki mwezi Machi wa mwaka uleule wa 1918. Kati ya tatu hizo, ndiyo ninayoiona rahisi zaidi kupendwa mara ya kwanza.

Sasa tazama kilichofuata. Op. 19 ni Mandarini. Op. 20, ya mwaka 1920, ni Improvisationi Nane juu ya nyimbo za wakulima wa Hungaria. Katika hizo, wimbo wa kijijini uko wazi kabisa, unaweza kuuimba. Lakini kinachouzunguka ni sauti zilezile kali za Etudi. Bartók alisema baadaye kwamba katika kazi hiyo aliamini amefika mwisho wa ujasiri katika kuupa wimbo sahili wa watu kiambatanisho cha piano. Angewezaje kufika huko miaka miwili tu baada ya 1918 bila maabara ya Op. 18? Etudi zilikuwa mahali alipojaribu lugha hiyo ikiwa peke yake, uchi, bila wimbo wa kuishika mkono. Alipoona inasimama, akaipeleka kwenye nyimbo alizozipenda kuliko kitu chochote. Hayo ni mambo ya mtu mmoja anayefanya kazi moja.

Basi desturi ya kumkata vipande ilitoka wapi? Jibu langu ni kwamba ilitoka zaidi kwenye siasa za watu wengine kuliko kwenye muziki wake. Tayari mwaka 1920, kwa sababu alichapisha utafiti kuhusu muziki wa Waromania, alishambuliwa hadharani kwao Hungaria kuwa hana uzalendo. Walitaka Bartók wa Kihungaria tupu, naye hakuwapa. Alifariki New York mwezi Septemba 1945, na mara tu baada ya kifo chake mvutano ukawa mkubwa zaidi. Mwaka 1947 René Leibowitz, mtetezi wa shule ya Schoenberg, aliandika Paris makala iliyomtuhumu Bartók kwa suluhu: kwamba alikuwa amefika mbali kwenye muziki mpya, hasa katika Kwarteti ya Nne, kisha akarudi nyuma kuwaridhisha watu. Huko Budapest, serikali mpya iliyofuata mkondo wa Stalin ilifanya kinyume chake: ilizitukuza kazi zake zenye nyimbo za watu, na kuanzia karibu 1950 baadhi ya zile kali, Mandarini ikiwa mojawapo, zikaondolewa jukwaani na redioni kwa kosa la kuitwa za kimamboleo. Upande mmoja ulichukua Bartók mgumu ukatupa wa kijijini. Mwingine ukachukua wa kijijini ukatupa mgumu. Pande zile hazikukubaliana katika lolote isipokuwa hili: kwamba kuna Bartók wawili. Vita Baridi vimekwisha, lakini kisu walichotumia bado tunakiokota tunapopanga programu za matamasha na mitaala ya shule za muziki.

Najua pingamizi litakalotolewa hapa. Muziki wa wakulima, mtu atasema, ni sahili. Uzuri wake uko katika usahili huo. Kwa hiyo muziki mgumu kupindukia hauwezi kuwa ndugu yake. Pingamizi hilo linaonekana la busara hadi ukitazama alichokifanya Bartók na silinda zake. Mwaka 1934 aliacha kufundisha, akahamia Chuo cha Sayansi cha Hungaria kuandaa nyimbo kwa ajili ya kuchapishwa, na miaka sita iliyofuata sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuzisikiliza upya zile rekodi za zamani na kuzinukuu upya. Alikuta kwamba alivyoziandika ujanani havitoshi. Kila mara aliposikiliza, alisikia zaidi: mapambo madogo ya koo katikati ya nota mbili, nota zilizoinuka kidogo kuliko piano inavyoweza kupiga, mapigo yaliyorefushwa kwa kiasi ambacho alama za kawaida haziwezi kukionyesha. Kurasa zake za mwisho za nyimbo hizo zimejaa wino kuliko kurasa za Etudi. Bibi mzee wa Transylvania, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo cha muziki, aliimba kitu ambacho msikilizaji makini kuliko wote wa zama zake alihitaji miongo kadhaa kukiandika sawasawa. Usahili ulikuwa katika sikio la mjini. Kijijini kulikuwa na ustadi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Amadinda, ile marimba kubwa ya Buganda yenye vibao 12, hupigwa na watu watatu: wawili wanaketi wakitazamana na kupishanisha nota zao kwa kasi kubwa, kila mmoja akipiga penye nafasi iliyoachwa na mwenzake, na wa tatu anazifuata nota fulani kwenye vibao viwili vya mwisho. Kinachosikika ni nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Hakuna anayeweza kuita kitu hicho sahili. Na kimeifikia piano ya Wahungaria. György Ligeti, aliyezaliwa Transylvania mwaka 1923, alitunga etudi 18 za piano kati ya 1985 na 2001, na alieleza mwenyewe deni lake kwa rekodi za Simha Arom kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati na kwa maandishi ya Gerhard Kubik, mtafiti ambaye nadharia yake kuhusu sauti zinazojitokeza zenyewe sikioni ilianzia kwenye marimba za Uganda. Etudi za Ligeti ni miongoni mwa kazi ngumu zaidi zilizowahi kuandikwa kwa piano, na leo zinapigwa kwa furaha na vijana kwenye mashindano duniani kote. Mhungaria aliyemtangulia katika kuweka akili ya muziki wa kijijini ndani ya etudi, bila kunukuu wimbo wowote, ni Bartók wa 1918. Inastaajabisha kwamba mrithi amekubalika na aliyemrithisha bado anasubiri mlangoni.

Pingamizi la mikono ni zito zaidi, nami silipuuzi. Kuna watu ambao mkono wao haufiki nota tisa, na hakuna muziki unaostahili mtu kuumia mishipa kwa ajili yake. Mwalimu anayemlazimisha mwanafunzi mwenye mkono mdogo aipige etudi ya kwanza kwa kasi iliyoandikwa anafanya makosa. Lakini hoja hiyo, ikisimama peke yake, ingeondoa pia Op. 10 namba 1 ya Chopin, inayotanua mkono kwa nafasi zilezile kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna shule inayoifuta. Kinachotakiwa na vipande vyote viwili ni mkono unaofunguka na kulegea, kufunguka na kulegea. Anayeushikilia ukiwa umenyooka muda wote hajakielewa anachokipiga. Bartók amekiandika kile kulegea ndani ya muziki wenyewe, kwa kuurudisha mkono kwenye nafasi finyu kila baada ya kuutanua. Na asiyeweza ya kwanza ana ya pili na ya tatu, ambazo ugumu wake uko kwingine kabisa. Tatu hizi si lazima zipigwe na kila mtu. Ninachodai ni kwamba wale wanaoweza wasiziruke kwa kisingizio cha wale wasioweza.

Wengine watanikumbusha kwamba Bartók mwenyewe hakutunga tena etudi za namna hii, na kwamba kuanzia 1926, mwaka wa Sonata ya piano na Konseto ya Kwanza, muziki wake una kitovu cha sauti kilicho wazi zaidi. Ni kweli. Mwaka 1920 aliandika katika jarida la Melos kuhusu muziki unaozipa nota zote kumi na mbili haki sawa, na miaka iliyofuata hakuendelea hadi mwisho wa barabara hiyo. Alishikilia kwamba muziki wake una sauti mama daima. Lakini mtu akijenga nyumba akaondoa jukwaa la mafundi, hajakana kwamba alisimama juu yake. Zile nota zinazosongamana usiku katika seti ya piano iitwayo Nje, ya 1926, ule mkono mpana wa Konseto ya Pili, zile ngoma za mapigo ya Kibulgaria zinazofunga Mikrokosmos: yote hayo yanampasa mpigaji awe na mwili na sikio ambavyo Op. 18 ndiyo inayovijenga. Wapiga piano waliorekodi kazi zake zote, Zoltán Kocsis akiwa mfano bora, wanaonyesha jambo hilo kwa vitendo. Anayezipiga Etudi vizuri anaipiga Sonata kwa utulivu ambao wengine hawanao.

Linabaki suala la msikilizaji, ambaye kwa kawaida ndiye anayesingiziwa. Waandaaji wa matamasha wanasema hadhira haitavumilia. Hadhira gani? Etudi moja haizidi sana dakika tatu, ina mwendo, ina hatari inayoonekana kwa macho, na mtu asiyejua nota hata moja anaona kwamba mbele yake kuna binadamu anayefanya jambo la ajabu kwa mikono yake. Kinachoua muziki huu ni jinsi unavyopangwa. Ukiuweka katikati ya Mozart na Brahms utasikika kama ajali. Napendekeza upangwe pale ulipozaliwa: zianze Nyimbo Kumi na Tano za Wakulima, zinazomalizika na sauti za zumari la kiriba, hapohapo, bila kusubiri makofi, ziingie Etudi Tatu, kisha Improvisationi Nane. Yote hayo hayafiki dakika arobaini, nusu ya tamasha moja. Sikio litakalokuwa limetoka kwenye zumari litayatambua mapigo ya etudi ya tatu, na likifika kwenye Improvisationi litasikia nyimbo za kijijini zikiwa zimevaa sauti ambazo dakika chache kabla zilionekana ngeni. Improvisationi ya saba, aliyoitoa kwa kumbukumbu ya Debussy, itaipokea moja kwa moja etudi ya pili. Mpigaji hatahitaji kutoa hotuba wala kusambaza karatasi ya maelezo. Vyuo vya muziki vinavyodai kumfundisha Bartók vianze na mpango huo katika mitihani ya wanafunzi wao wa mwaka wa mwisho, na majaji wayasikilize makundi yote matatu kwa kigezo kimoja.